Unayetaka kusoma uchunguzi wa kidijitali chuoni, pitia hapa kwanza

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama kozi ya uchunguzi wa kidijitali (kutafuta ushahidi kwenye kompyuta na simu) inafundisha kudukua, kama mwenye C ya hesabu ataiweza, na laptopu gani ununue. Nimeisoma kozi hiyo hapa hapa Bongo na sasa niko upande wa ukaguzi, kwa hiyo najibu nilivyoiona mimi.

Kudukua utakugusa kidogo tu. Wengi huingia wakidhani watakesha wakifufua picha zilizofutwa. Hiyo ndiyo sehemu rahisi, hata programu za bure kama Autopsy zinakusaidia. Jasho liko kwenye kumfanya hakimu aamini kwamba ulichokikuta kilikuwemo tangu mwanzo, hukukipachika wewe.

Ndiyo maana maabara za mwanzo zinachosha. Unapewa flashi na kuambiwa usiifungue. Unaichomeka kupitia kifaa kinachozuia kuandika, maana Windows ikiiona tu inaweza kuanza kuandika vitu vyake humo. Unatoa nakala ya biti kwa biti, pamoja na maeneo yanayoonekana matupu, kisha unakokotoa heshi, yaani alama ya kidole ya data, ya flashi na ya nakala. Njia ya SHA-256 inakupa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Badilisha koma moja tu na mfuatano wote unavurugika. Zikilingana, flashi inarudi kwenye bahasha yenye lakiri, wewe unahangaika na nakala. MD5, njia ya zamani ya heshi, utaikuta bado kwenye fomu nyingi, lakini tangu 2004 imeonyeshwa wazi kwamba faili mbili tofauti zinaweza kutoa heshi moja, na SHA-1 ikafuata 2017. Wakili mjanja atakuuliza.

Halafu kuna makaratasi. Nani alikikamata kielelezo, akamkabidhi nani, saa ngapi, kwa saini ipi. Vijana wa kompyuta tunaona hizi ni kazi za karani. Soma kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015: mahakama inapopima ushahidi wa kielektroniki inaangalia ulivyotengenezwa na kutunzwa, uadilifu wake ulivyolindwa, na mwanzilishi wake (aliyeutengeneza au kuutuma) alivyotambuliwa. Picha ya skrini ya WhatsApp anaweza kuitengeneza hata mtoto wa sekondari, ndiyo maana peke yake inayumba.

Kitu kilichonikaa zaidi ni saa. NTFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski za Windows, inahifadhi muda kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia), lakini FAT32 ya kwenye flashi inahifadhi saa ya pale kompyuta ilipo. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Kwa hiyo tukio lile lile, kwenye diski ya laptopu linasomeka 05:00 na kwenye flashi 08:00. Shahidi anasema mtuhumiwa alifika ofisini saa mbili asubuhi. Ripoti yako ikiandika 05:00 bila maelezo, umeshampa wakili wa utetezi chakula cha mchana. Kwenye mahakama igizo mhadhiri wetu alivaa joho na kutubana kwa maswali ya aina hiyo tu. Hakuuliza hata mara moja tulitumia programu gani.

Usitarajie pia kwamba kila kilichofutwa kinarudi. Kwenye FAT32 kufuta ni kubadilisha baiti ya kwanza ya jina kuwa E5, alama ya "imefutwa", na kuachia nafasi. Data inabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Diski za SSD zina utaratibu wa TRIM, zinasafisha zenyewe nyuma ya pazia. Simu za kisasa zimesimbwa (data imegeuzwa isisomeke), na bila nywila unaweza kuishia kuangalia takataka.

C ya hesabu haikuzuii. Heksadesimali (namba za msingi wa 16) utaizoea kwa mazoezi. Kinachowaangusha watu ni uandishi: ripoti ya kurasa 20 ambayo asiye fundi anaielewa. Kama insha ulikuwa unazikimbia, anza kuzirudia sasa.

Kazi zipo polisi, TAKUKURU, mabenki na kampuni za ukaguzi wa hesabu, ila nafasi ni chache na wengi wanaanzia usalama wa mitandao kwanza. Na usijaribie ujuzi kwenye simu ya mwenzako wa bwenini. Kuingia kwenye kifaa cha mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama ulikuwa "unajifunza". NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inatoa bure nakala za diski za mazoezi, tumia hizo.

Laptopu: RAM ya GB 16 ni raha, 8 inasogea. Usiibane bajeti kwenye diski ya nje, maana nakala moja ya diski ya GB 500 inaweza kukumalizia nafasi yote. Bumu likitosha kitu kimoja tu na laptopu yako ya sasa bado inawaka, nunua diski.