Mtoto wa jirani mgeni akikamatwa, nenda kituoni na mama yake

Sisi wa soko la dagaa la Kirumba Mwaloni tunauziana na Warundi, Wakongo na Waganda kila siku. Wengine wamehamia kabisa, watoto wao wanasoma hapa hapa Mwanza. Nimeshawasindikiza kina mama kadhaa vijana wao walipokamatwa, na kinachowatesa kwanza si kesi, ni hofu ya vibali. Mama anaona akikanyaga kituoni ataulizwa makaratasi, basi anatuma mtu. Hapo ndipo kishoka anapojitokeza: "Nipe laki mbili, niongee na wakubwa." Dhamana haiuzwi. Ukisikia maneno hayo, mtoe mama hapo.

Kama kibali chake kina tatizo, mpitishe kwanza kwa wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo. Kisha nendeni wote.

Bebeni chochote kinachoonyesha umri: cheti cha kuzaliwa cha kwao, kadi ya kliniki, hata barua ya shule. Hapa komaa kuliko popote. Nimeona kijana wa miaka 15 mwenye kifua kipana akiandikwa 19, na mama yake, Kiswahili cha kubabaisha, ameinamisha kichwa tu. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hatakiwi kuchanganywa mahabusu na watu wazima, na kesi yake husikilizwa faragha Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akiwapo. Umri ukiandikwa vibaya, yote hayo yanampita.

Halafu mdhamini. Mgeni mara nyingi hana kitambulisho cha NIDA, na ndugu zake wako Bujumbura. Wewe unacho, na mwenyekiti wa mtaa anakujua, barua utapata. Soma kabla ya kusaini: kijana asipofika mahakamani, utaulizwa wewe. (Mume wangu alinuna wiki nzima. Akazoea.)

Mtaani watasema wageni ndio wanaoleta wizi. Usijibizane nao, na usimuulize mama amemleaje mwanawe. Ameshajiuliza usiku kucha.

Kabla ya siku ya kesi, mwelezeni karani kuwa mzazi anahitaji mkalimani. Kwa mazungumzo ya nyumbani, tafuteni mtu mzima wa kanisani kwao. Mdogo wa mtuhumiwa asibebeshwe kazi ya kumtafsiria mama yake mashtaka ya kaka yake.