Imeili ya biro nzima inafungwa juu ya telefone moja

SWALI: Ndugu mwenye kujibu, tuko watu nane mu biro hapa Himbi, Goma, wote tunatumia Wi-Fi moja na adresi moja ya imeili. Juma iliyopita tulibadilisha motidepasi. Tangu pale imeili inaingia kidogo halafu inakatika kwa wote, hata wale waliandika motidepasi mupya vizuri. Seva imekufa ama tumeibiwa? – Dada wa Himbi

JIBU: Hapana dada, seva, ile ordinatere inayotunza na kutuma imeili yenu, iko mzima, na kwa vile unaeleza sioni alama ya mwizi. Mimi nashuku telefone. Kuna mtu kwenu alibadilisha ku ordinatere akasahau telefone yake, ama ile tableti inalala mu droo, na hiyo kitu inaendelea kugonga kwa seva na motidepasi ya zamani, mchana usiku, bila mtu kuigusa.

Ukikosea mara ya kwanza seva haikati koneksio palepale. Seva ya kutuma inajibu 535, ni namba ya kusema umekataliwa, haisemi kama ni jina ama motidepasi njo mbaya, na ni makusudi, mwizi asijue jina gani liko kweli. Unaweza kujaribu tena, lakini sasa inakuchelewesha: Dovecot, ile seva nyingi zinatumia kwa kusoma mesaje, inangoja sekunde 2 mbele ya kukuambia umekosea, na Postfix, ya kutuma, makosa yakipita 10 mu koneksio moja inajibu polepole, yakifika 20 inatoa 421, namba ya kusema inafunga koneksio, na kukata. Kwa mtu sekunde 2 si kitu, kwa roboti, programu ya mwizi inayotaka kujaribu motidepasi maelfu, ni kazi ngumu sana.

Nyinyi mumepatwa na hatua ya mbele zaidi. Seva nyingi ziko na Fail2ban, programu ya kulinda, inasoma rekodi ya seva, ikiona makosa 5 ndani ya dakika 10 toka adresi moja ya IP (namba ya koneksio yenu ku internet, si adresi ya imeili) inafungia ile adresi dakika 10, labda mwenye seva aongeze. Na watu wote mukitoka ku Wi-Fi ile moja, seva inaona adresi moja tu, njo maana hata asiyekosea anafungiwa. Dakika zikiisha munafunguliwa, telefone inagonga tena, munafungwa tena.

Hakikisha hivi: zima Wi-Fi, tumia mega zako, fungua imeili. Ikifunguka, adresi ya IP ya biro njo imefungwa. Angalia na ekra, mwenye motidepasi mbaya anaambiwa jina ama motidepasi ni mbaya, aliyefungiwa koneksio inakataliwa ama inazunguka tu bila jibu.

Halafu toeni vyombo vyote ku Wi-Fi, murudishe kimoja kimoja, kila kimoja kikiwa na motidepasi mupya tayari, na mu ule muda tafadhali mtu asijaribu-jaribu kwa kubahatisha. Mwenye kusimamia seva anaweza kufungua adresi yenu ya IP palepale, mumuombe. Na mumuombe pia kila mtu apate adresi yake ya imeili, maana rekodi ya seva inaandika jina la akaunti iliyokosea, na sasa hivi nyinyi wote nane muko jina moja.