Mume wangu amekataza watoto kujificha akirudi nyumbani. Je, kucheka na kucheza na familia ni lahwi (mchezo wa upuuzi)?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tanga. Mume wangu ni fundi seremala, hurudi karibu na Magharibi. Tangu mtoto wetu wa kwanza alipoanza kutembea tulikuwa na mchezo wetu: watoto wakisikia baiskeli ya baba yao inaegemezwa ukutani, hukimbia kujificha. Yeye akiingia huuliza kwa sauti, "Jamani, leo nyumba hii haina watoto?" Hapo wanachomoka wote, kicheko kinajaa nyumba, kisha anatoa alichowaletea, chungwa au kipande cha mkate wa ufuta. Mwaka jana alifiwa na baba yake. Tangu hapo kila usiku anasikiliza mawaidha kwenye simu, na alhamdulillah swala ya jamaa haimpiti. Lakini mchezo ule ameupiga marufuku. Anasema ni lahwi, ni kutishana, kucheka kunaua moyo, na Mwenyezi Mungu hawapendi wenye kufurahi. Wakubwa wameacha. Mdogo ana miaka minne, yeye bado hujificha nyuma ya pazia kila Magharibi na hukaa hapo hapo mpaka niende kumtoa. Je, mimi napata dhambi kwa kuwalea hivi? Na ni kweli dini imekataza?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Binti yangu, maswali yanayonifikia ni mengi na kila moja lina zamu yake, lakini lako sikuweza kuliweka foleni. Huyo mtoto aliyesimama nyuma ya pazia amenikaa moyoni tangu nilipousoma ujumbe wako.

Nianze na hukumu ili upate kupumua. Mchezo huo ni halali. Huna dhambi, wala watoto hawana, wala mumeo hakuwa na dhambi siku zote alizokuwa akiucheza. Na akinuia kuifurahisha familia yake kwa ajili ya Allah, anaandikiwa thawabu. Mtume (S.A.W.) alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba hata tonge analolitia kinywani mwa mkewe ana ujira kwalo, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Kama tonge lina ujira, sioni kwa nini chungwa linalotolewa mfukoni likose.

Sasa tuzitazame hoja zake, kwa sababu si zake peke yake. Kila wiki nazisikia kwa vijana wetu, na wengi wao ni watu wa heri wanaotaka kumrudia Mola wao, ila wamepewa nusu ya maneno.

Anasema ni lahwi. Hadithi wanayoitegemea ni ile ya Uqba bin Amir, kwamba kila anachokichezea mtu ni batili. Wanafika hapo wananyamaza. Hadithi haikuishia hapo! Inaendelea: isipokuwa kurusha kwake mshale, kumfundisha kwake farasi wake, na kucheza kwake na mkewe. Tazameni jinsi hadithi iliyokuja kumtoa katika batili mtu anayecheza na mkewe inavyokatwa katikati, kisha inageuzwa fimbo ya kumpigia huyo huyo. Anayeisoma nusu kwa kutojua, Allah amsamehe. Anayejua na bado akaikata mbele ya watu, ana jambo zito la kujibu.

Anasema kucheka kunaua moyo. Maneno haya yamepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.), siwezi kuyakana wala sitaki. Lakini alichosema ni "usikithirishe kucheka", na kukithirisha ni mtu kufanya kicheko ndiyo kazi yake, asubuhi mzaha, jioni mzaha, msibani mzaha, mpaka Qurani ikisomwa haimwingii. Kicheko cha nusu saa kabla ya Magharibi, cha baba aliyetoka kupiga randa kutwa nzima, hakiingii humo. Na yule aliyetuambia tusikithirishe ndiye ambaye Swahaba Abdullah bin Harith alisema hakumwona mtu mwenye kutabasamu zaidi yake. Ndiye aliyeona midoli ya Bi Aisha (R.A.) na katikati yake farasi mwenye mbawa za vitambaa, akauliza, "Farasi ana mbawa?" Bi Aisha akamjibu, "Kwani hukusikia kwamba Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa?" Akacheka mpaka Bi Aisha akayaona magego yake. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Sasa moyo wa nani ulikufa pale?

Na aya anayoitaja, ya Suratul Qasas, "Mwenyezi Mungu hawapendi wanaofurahi," ni maneno ambayo watu wa Qarun walimwambia Qarun, mtu aliyelewa hazina zake akajiona hamhitaji Mola wake. Furaha iliyokatazwa hapo ni ya kujigamba. Asome basi na Suratu Yunus aya ya 58, ambapo Mwenyezi Mungu mwenyewe anaamrisha: kwa fadhila za Allah na rehema yake, kwa hayo na wafurahi. Kama mtoto mzima wa afya anayekimbilia miguu ya baba yake si fadhila ya Allah, basi sijui fadhila ni kitu gani.

Ile hoja ya kutishana nataka nikae nayo zaidi, maana ina ukweli ndani yake. Ni kweli Mtume (S.A.W.) alisema si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu. Lakini sababu yake imeelezwa. Maswahaba walikuwa safarini, mmoja wao akalala, wenzake wakamchukulia kamba aliyokuwa nayo, alipozinduka akafazaika. Yule alikuwa usingizini, ugenini, na hofu yake ilikuwa hofu ya kweli. Ndiyo maana nasema wazi: anayemzushia mkewe kwa simu habari ya ajali kisha aseme "nilikuwa natania", anayemrukia mama mkwe mzee mwenye maradhi ya moyo, anayemfungia mtoto gizani ili acheke akilia, hao wamefanya haramu na wamwombe radhi waliyemtisha.

Je, mumeo alitishika? Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kwa sauti kama nyumba haina watoto, na huku, kama nijuavyo watoto, vidole vya miguu vinaonekana chini ya pazia. Alijua, na wao walijua kwamba anajua. Hiyo ni furaha ya kushtukizana, na kushtukizana kwa namna hii Mtume (S.A.W.) amekufanya kwa mikono yake. Alikuwepo bedui mmoja akiitwa Zahir, hakuwa na sura ya kupendeza, na alizoea kumletea Mtume zawadi za jangwani. Siku moja Zahir yuko sokoni anauza vitu vyake, Mtume akamjia kwa nyuma, akamkumbatia asimwone. Zahir akapiga kelele, "Nani huyu? Niache!" Alipogeuka akamjua, hakujitoa tena, akaukandamiza mgongo wake kwenye kifua cha Mtume (S.A.W.). Mtume akawa ananadi, "Nani atamnunua mtumwa huyu?" Zahir akasema, "Wallahi, Mtume wa Allah, utaniona mimi ni bidhaa isiyotoka." Akamwambia, "Lakini kwa Allah wewe si bidhaa isiyotoka." Anas ndiye aliyeisimulia habari hii, na ninapoisomesha huwa nasimama hapo kwenye mgongo wa Zahir. Mtu ameshtuliwa sokoni mbele ya watu, na kitu anachokitaka baada ya kushtuka ni kubaki pale pale.

Mtu anaweza kuuliza: na yale maneno "leo nyumba hii haina watoto?" si uongo? Hapana. Ni swali, na hakuna aliyedanganyika. Uongo kwa mtoto ni kumwita "njoo nikupe" na mkononi huna kitu. Hilo Mtume (S.A.W.) alimwonya mama mmoja wakati anamwita mwanawe: kama usingempa kitu, ungeandikiwa uongo. Mumeo alikuwa na chungwa.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike kwa urefu. Binti yangu, umelitaja kama la pembeni, lakini mimi naona ndilo lenyewe: haya yote yameanza alipofiwa na baba yake. Huenda nakosea, kwa kuwa simjui mumeo. Lakini nimekaa na wafiwa wengi, na nimeona jinsi huzuni inavyoweza kuvaa kanzu ya uchaji. Mtu amemzika mzazi, ameuona udongo unavyoangukia sanda, kisha anarudi nyumbani anakuta watoto wanacheka, anajiona amefanya usaliti. Kicheko kinamchoma, na badala ya kusema "naumia" anasema "ni haramu". Hajui kama anaumia. Anadhani ameongoka.

Jambo hili liliwahi kumfika Swahaba. Hanzala, mmoja wa waandishi wa Mtume (S.A.W.), alitoka kwenye mawaidha ya Moto, akarudi kwake, akacheka na watoto, akacheza na mkewe, halafu akatoka mbio akimwambia Abubakar kwamba Hanzala amekuwa mnafiki. Abubakar hakumcheka, alimwambia na yeye hali hiyo inamkuta. Wakaenda wote wawili kwa Mtume. Kama kucheza na watoto kungekuwa kuanguka, pale ndipo pangekuwa mahali pa kulisema. Mtume (S.A.W.) aliwaambia kwamba lau wangedumu katika ile hali wanayokuwa nayo mbele yake, Malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani mwao. "Lakini ewe Hanzala, saa na saa." Alilikariri mara tatu. Imo katika Sahihi Muslim. Mumeo ana saa ya simu na mawaidha, Allah aizidishie baraka. Watoto wanadai ile saa nyingine, nayo ni haki yao. Salman alimwambia Abu Dardaa kwamba hata watu wako wa nyumbani wana haki juu yako, na Mtume akasema Salman amesema kweli.

Na ikiwa ni huzuni, nani aliyefiwa kuliko Mtume (S.A.W.)? Yatima wa baba kabla ya kuzaliwa, yatima wa mama akiwa mtoto. Katika watoto wake saba, sita walitangulia mbele yake. Mwanawe Ibrahim alipokata roho alilia, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Hakukataa kulia. Lakini pia, mtu huyu huyu aliswalisha watu akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akisimama anamwinua. Na alikuwa juu ya mimbari, Hasan na Husein wakaja na kanzu zao nyekundu wanatembea na kuanguka, akakatisha hotuba, akashuka, akawabeba. Aliyezika watoto hakuwafungia wajukuu mlango.

Baba yangu mimi, Allah amrehemu, alikuwa mkali, na mimi nilimwogopa. Lakini kila Ijumaa akirudi msikitini alikuwa na kashata ameifunga kwenye karatasi, ameificha ndani ya kofia, na sisi tulikuwa tunalazimika kuomba ruhusa ya kumvua kofia. Katika yote aliyonifundisha, na alinifundisha Qurani yote, hilo la kofia ndilo linalonitoa machozi nikiinua mikono kumwombea.

Kwa hiyo nasaha yangu. Jawabu hili usimsomee mbele ya watoto, wala usilifanye ushindi. Wala usimwambie "Sheikh amesema umekosea". Mtu aliyefiwa hajengeki kwa kushindwa hoja ndani ya nyumba yake. Subiri usiku, watoto wamelala, mtilie chai, umwulize habari za marehemu: akirudi nyumbani alikuwa akifanya nini? Aliwaletea nini? Usishangae ukisikia kwamba ule mchezo wa "nyumba hii haina watoto" hakuubuni yeye. Akilia, mwache alie, na wewe usiseme neno. Kisha inukeni muombe pamoja, kwa sababu katika mambo matatu yanayobaki kwa maiti, moja ni mtoto mwema anayemwombea, na huyo mtoto ni yeye.

Na kama ataliona jawabu hili mwenyewe: mwanangu, nakuheshimu kwa swala yako ya jamaa na kwa simu yako inayokesha na Qurani. Hakuna anayetaka uviache. Mtume wako (S.A.W.) nyumbani alikuwa katika kazi za watu wake, na swala ikifika anatoka kwenda kuswali. Hivyo ndivyo alivyosema Bi Aisha alipoulizwa na Al-Aswad. Dakika ulizonazo kati ya kuegemeza baiskeli na adhana zinatosha.

Kwa sasa, binti yangu, usimdai acheke, wala usimdai aulize lile swali lake la zamani. Hayo yatarudi yenyewe, insha Allah. Mwombe jambo moja tu: jioni, wewe usiende kumtoa mtoto nyuma ya pazia. Amtoe yeye.

Wallahu aalam.