Gari limeingia mtaroni kwenye theluji: je, jirani mwenye pikapu anivute?

Swali: Fundi, habari za kazi. Naishi nje kidogo ya St. Cloud, Minnesota, na huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Juzi gari langu, Toyota RAV4, liliteleza likaingia mtaroni, theluji ikafika kwenye milango. Jirani akaja na pikapu. Alitaka kufunga mnyororo kwenye ile chuma ya duara kama mpira ya kuvutia trela, iliyo nyuma ya pikapu yake, arudi nyuma, kisha aondoke kwa kasi ili aning'oe. Kwetu Nyandarua tulivutana hivyo kwenye tope miaka nenda miaka rudi, lakini safari hii moyo ulikataa. Niliita gari la kuvuta na nikalipa pesa nyingi. Nilikuwa mwoga tu? Na nikinunua winchi, ile mashine ya kuvutia gari kwa waya, itanisaidia siku nyingine?

Jibu: Hukuwa mwoga hata kidogo, na hizo pesa usizihesabu kuwa hasara. Ile duara imetengenezwa kubeba uzito wa trela unaovutwa polepole. Mshtuko ni habari nyingine. Shina lake likikatika wakati kamba imekazwa, linageuka kuwa jiwe la manati, na mbele yake kuna kioo cha gari lako na wewe nyuma ya usukani. Watu wamekufa hivyo Marekani, wamekufa hivyo Australia. Mnyororo nao haunyumbuki, kwa hiyo nguvu yote ya pikapu inafika kwa mpigo mmoja kwenye kiungo kilicho dhaifu kuliko vingine, tena chuma kikiwa kwenye baridi kali hupungukiwa na uwezo wa kuhimili pigo.

Sasa hilo tope la Nyandarua. Tope hunyonya gurudumu, ndiyo maana watu huzoea kulishinda kwa nguvu. Theluji inafanya kinyume: inajishindilia chini ya tumbo la gari na kulibeba, magurudumu yanabaki yakizunguka bila kushika kitu. Ukiliondoa lile tuta la chini, mara nyingi kazi imekwisha kabla kamba haijatolewa. Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni sepetu.

Anza na bomba la moshi. Likiwa limezibwa na theluji huku injini inanguruma, moshi wenye sumu ya kaboni monoksidi unaingia ndani ya gari. Sumu hiyo haina harufu, na aliyejifungia akisubiri msaada anaweza kusinzia asiamke. Ukishalifungua, chimba chini ya tumbo, kisha safisha njia ya magurudumu kuelekea kule ulikotokea. Alama zako mwenyewe ndiyo njia unayojua haina jiwe wala shimo. Mwaga mchanga kwenye njia hiyo, karibu na magurudumu yanayosukuma, zima mfumo unaozuia magurudumu kuzunguka bure, kanyaga mafuta kidogo sana. Gurudumu likizunguka bure, acha mara moja, maana joto lake linayeyusha theluji na muda si mrefu limekaa juu ya barafu. Na usidanganyike siku joto likipanda kukaribia sifuri: barafu ya wakati huo ina utando wa maji juu yake, inateleza kuliko ile ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Ikishindikana, ndipo jirani aje, ila si na mnyororo. Tafuteni mkanda wa nailoni uliotengenezwa kwa kazi hii, wenye vitanzi vilivyoshonwa kila upande, usio na ndoano za chuma. Uwe na uwezo wa kubeba mara mbili au tatu ya uzito wa gari lako. Kwenye pikapu, aichomoe ile duara na kipande kinachoibeba, kisha kwenye tundu la mraba achomeke kipande cha chuma chenye pingu imara iliyothibitishwa kwa kuvutia. Kwenye gari lako kuna pete ya kuskrubu, mara nyingi inakaa kwenye buti pamoja na jeki. Tundu lake lipo nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa. Toa barafu ndani ya tundu, kaza pete hadi mwisho. Baadhi ya magari hukaza kwa kuzungusha kushoto, kwa hiyo usilazimishe. Pete hiyo inavumilia mvuto ulionyooka na wa taratibu. Kuivuta kwa pembeni ni kuiomba ipinde. Usifunge kwenye ekseli wala mikono ya magurudumu.

Mweke koti zito au blanketi katikati ya mkanda, ili ukikatika usiruke mbali. Wote wasio ndani ya magari wakae umbali unaozidi urefu wa mkanda kwa nusu yake, wala wasisimame kwenye mstari wa mvuto. Mmoja tu ndiye atoe amri. Pikapu iondoe ulegevu wa mkanda polepole, kisha ivute bila kushtua. Nawe uwe tayari na breki, kwa sababu gari likishatoka huja lote kwa pamoja, na kwenye barafu wengi humgonga aliyewaokoa.

Haya yote ni kwa barabara ya mtaani au ya shambani. Kwenye barabara kuu kama Interstate 94, msijaribu. Sheria ya Minnesota inawataka madereva wahame njia moja wakiona gari la kuvuta lenye taa zinazowaka. Pikapu ya jirani haina taa hizo, na anayekuja nyuma naye anateleza.

Kuhusu winchi, usinunue. Inatakiwa iwe na nguvu walau mara moja na nusu ya uzito wa gari lenye mzigo, na nguvu iliyoandikwa inapatikana pale waya umebaki mzunguko wa chini kabisa kwenye ngoma inayouzungusha. Kila tabaka linaloongezeka linaipunguza. Ukitumia kapi mvuto unakuwa mara mbili, mwendo nusu. Winchi hula mamia ya ampea, na betri kwenye baridi hiyo tayari imechoka. Hata hivyo, hiyo siyo sababu kubwa. Winchi inahitaji kitu cha kushika. Kando ya mashamba ya mahindi mara nyingi hakuna mti wa karibu, utafunga wapi? Pesa hiyo nunua sepetu fupi la alumini, mfuko wa mchanga, mkanda na glavu nene.

Ukimpigia tena mwenye gari la kuvuta, mwambie kama RAV4 yako husukuma kwa magurudumu yote manne. Kama ndivyo, akishalitoa mtaroni alipandishe lote juu ya kitanda cha lori. Kulikokota magurudumu mawili yakiwa chini kunaweza kuharibu mfumo wa gia. Na baada ya kutoka, kama usukani unatetemeka ukifika mwendo mkubwa, usikimbilie kununua tairi. Mara nyingi ni theluji iliyoganda ndani ya rimu. Ikwangue, ujaribu tena.