Handaki la tramu la The Hague: kwa nini miaka minane?

Mkuu, umeuliza inakuwaje handaki la mita 1,250 tu lianze kujengwa 1996 lije kufunguliwa Oktoba 2004. Niliishi The Hague, mji wa Uholanzi, na nilipita humo kila siku nikienda kazini, ngoja nikujibu.

Lile handaki liko chini ya Grote Marktstraat, mtaa wa maduka katikati ya mji mkongwe. Majengo yamebana pande zote, hakuna cha kubomoa. Kwa hiyo walijenga kuta za zege ardhini pembeni kwanza, wachimbue udongo uliobaki katikati. Kuta hazikuwasumbua sana. Balaa lilikuwa chini, maana Uholanzi ukichimba kidogo tu umekutana na maji, tena yanasukuma kuja juu. Sehemu mojawapo wakadunga saruji ardhini kwa presha ichanganyike na mchanga, igande kama tao la kuziba maji kati ya kuta mbili. Sasa tao lenyewe hulioni! Limejificha ardhini, unachimba ukiamini kwamba limeshikana kote.

Halikuwa limeshikana. Mwaka 1998 maji yakapenya na kubeba mchanga, na mchanga ukihama chini ya nyumba za watu unajua kinachofuata. Ikabidi wajaze maji shimoni wao wenyewe, kwa makusudi, ili presha ya juu ilingane na ya chini. Kazi ikasimama, wenyeji wakalibatiza Tramtanic, yaani tramu na meli Titanic iliyozama.

Baadaye wakaja na njia ya kujaza hewa ya presha ndani ya eneo lililofunikwa, hewa ikazuia maji huku watu wanachimba. Fundi akimaliza zamu hatoki hivihivi. Anakaa kwanza kwenye chumba cha kushusha presha taratibu, kama mpiga mbizi. Ghali, lakini ilifanya kazi.

Wanaosema "pesa imezama" sikubaliani nao. Ofisi ya Rem Koolhaas, msanifu majengo wa Kiholanzi, ndiyo iliyobuni, na kati ya barabara na reli wakapachika maegesho ya magari ya ghorofa mbili. Stesheni za Spui na Grote Markt zina sakafu ya mbao, unasikia kila kiatu kinachokukaribia, na zege limeachwa wazi bila urembo. Wengine wanaona pamenuna, mimi napapenda.

Ukifika, panda tramu namba 2, 3, 4 au 6 pale Centraal, stesheni kuu ya treni. Inaanzia juu ya daraja, na muda si mrefu imeshazama chini ya mji.