Kujumlisha namba na MD5: mahakama iliona vipi ni kitu kimoja?

SWALI: Nimesoma kesi ya kampuni ya Uniloc dhidi ya Microsoft, kuhusu kuzuia diski moja ya programu isisakinishwe kwenye kompyuta nyingi. Hataza ya Uniloc, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wake, inaeleza kujumlisha namba tu. Microsoft walitumia MD5 na SHA-1, kanuni za kukokotoa zinazogeuza data yoyote kuwa msimbo mfupi ulio mgumu kurudishwa nyuma. Mimi naandika programu, na kwangu hayo ni mbingu na ardhi. Imekuwaje?

JIBU: Jaji wa jimbo la Rhode Island, Marekani, aliona kama wewe. Aprili 2009 jopo la raia liliamua kwamba Microsoft imekiuka hataza na kutoza fidia ya dola milioni 388, lakini miezi michache baadaye jaji akautengua uamuzi huo. Januari 2011 mahakama ya rufani ikaurudisha kwa upande wa ukiukaji.

Hataza namba 5,490,216 inafanya kazi hivi: kompyuta ya mteja inatengeneza kitambulisho, na kituo cha usajili kinatengeneza chake kwa njia ileile. Vikilingana, programu inafunguka yote. Visipolingana, inabaki ya majaribio.

Dai lenyewe, yaani sentensi ya hataza inayoweka mipaka ya kinacholindwa, halikutaja kujumlisha. Lilitaja kazi: kutengeneza kitambulisho cha pekee. Kwa sheria ya Marekani, dai la namna hiyo linashika njia iliyoelezwa ndani ya hataza, pamoja na njia zilizo sawa nayo. Kwa hiyo hoja ilikuwa moja: kwa kazi hiyo, je, MD5 ni sawa na kujumlisha? Wewe unapima ugumu wa kuivunja, na kwa usalama uko sahihi kabisa. Lakini ukiifungua MD5, kila hatua yake ina kujumlisha ndani, na mtaalamu wa Uniloc alilishikilia hilo. Tena majaji wa rufani hawakusema yeye ndiye mkweli. Walisema jopo lilikuwa na ushahidi wa kutosha kumwamini. Wengi wanaosimulia kesi hii hulipita jambo hilo, nami naona ndilo kiini chake.

Fidia ndiyo iliyoanguka. Hesabu ya Uniloc ilichukua asilimia 25 ya dola 10, thamani iliyokadiriwa ya ufunguo mmoja wa programu, yaani dola 2.50, ikazidisha kwa leseni 225,978,721. Mahakama iliikataa kanuni hiyo ya asilimia 25 na kuagiza fidia isikilizwe upya. Mwaka 2012 pande mbili zikapatana.