Kabla ya kusakinisha upya, iulize programu imepakia maktaba ipi

Programu ya Linux ikigoma na kuandika "undefined symbol", yaani imekosa fankisheni iliyoitarajia kwenye maktaba (faili la msimbo ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja), mafundi wengi huku Mtwara hukimbilia kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Bando linakwisha, kosa linabaki palepale. Mimi nawasihi: msifute chochote kabla hamjajua ni faili lipi hasa limepakiwa.

Chukua mfano wa programu ya kupokelea korosho kwenye chama kimoja cha msingi upande wa Masasi. Uzito uliingia vizuri, stakabadhi zilitoka, lakini karani akibonyeza ripoti ya siku, programu inakufa. Sehemu ya ripoti ni plagini, yaani kipande cha nyongeza: faili la maktaba la .so linalopakiwa kwa dlopen wakati programu tayari inafanya kazi. Kwa hiyo ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo faili linahitaji, ilipoikagua programu kuu haikuitaja plagini hiyo kabisa. Tukaikagua plagini yenyewe kwa ldd: safi, ilionyesha SQLite (maktaba ya hifadhidata) mpya ya mfumo.

Jibu hilo linapotosha. ldd huikagua plagini kana kwamba iko peke yake, wakati kwenye kazi halisi plagini ni mgeni anayekuta nyumba ina wenyewe. Programu kuu ilishapakia libsqlite3.so.0 ya zamani kutoka kwenye folda yake. Kwa kuwa maktaba zote mbili zina soname moja (jina lililoandikwa ndani ya maktaba), kipakiaji cha glibc, maktaba ya msingi ya Linux, hakikuleta ya pili. Kiliipa plagini ile iliyokuwepo. Plagini ilitaka sqlite3_error_offset, fankisheni iliyokuja na toleo la 3.38.0 mwaka 2022. Ya zamani haina.

Ukweli ulitoka kwenye /proc, folda ambamo Linux huonyesha hali ya kila programu inayofanya kazi. Tafuta namba ya mchakato, kisha:

grep sqlite /proc/NAMBA/maps

Hapo unaona njia kamili ya faili lililomo kwenye kumbukumbu, bila kubahatisha. Ukitaka kujua limefikaje, anzisha programu ukiwa umeweka LD_DEBUG=libs; itaeleza kila folda iliyopekuliwa na kwa mpangilio gani. Na kama programu hufa katikati ya kazi, weka LD_BIND_NOW=1 ili majina yote yatafutwe maktaba inapopakiwa, si pale fankisheni inapoitwa. Heri ife kabla mkulima hajapanga foleni na magunia yake.

Chanzo kilikuwa mstari mmoja wa LD_LIBRARY_PATH, orodha ya folda za kutafutia maktaba, kwenye skripti ya kuanzishia. Mstari huo una nguvu kuliko watu wanavyodhani: unatangulia RUNPATH (folda zilizoandikwa ndani ya faili la programu lenyewe) na folda za mfumo, na programu zote zinazoanzishwa kutoka hapo huurithi. Kuuweka kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila unapofungua terminali, ni kutafuta shida. Tuliuondoa, programu kuu ikatumia SQLite ya mfumo, na ripoti ikatoka. Hilo liliwezekana kwa sababu SQLite hutunza upatanifu na programu za zamani. Maktaba nyingine hazina ustaarabu huo. Kwa hizo, acha toleo la zamani kwenye folda ya programu inayolihitaji, kisha tumia patchelf, zana ya kubadilisha RUNPATH, kuielekeza kwa $ORIGIN (folda ilimo programu yenyewe), programu hiyo peke yake.

Jambo moja zaidi kwa wanaoletewa plagini kwenye flashi: ldd inaweza kuendesha faili unalolikagua. Kama hulijui lilikotoka, tumia readelf -d, ambayo husoma tu.